Jina Lako Kwenye Orodha ya Friji Tupu

Härnösand,
11 Februari 2024

Mpendwa mpwa wangu Ronny,

Hujambo huko Bodø? Goti limepata nafuu? Mkeo Solveig naye anaendeleaje na kifua chake? Hapa theluji imefika dirishani.

Mimi si mzima. Alhamisi watanipasua moyo, na daktari hakunificha: kwa miaka yangu themanini na sita, huenda nisiamke. Naogopa, Ronny. Lakini kuna jambo ninaloliogopa kuliko kisu.

Bendi yenu, Friji Tupu, inarudi jukwaani mwezi wa tano, mara moja tu. Anneli mwimbaji sasa ni mchungaji. Anasema koo lililopiga makelele ya muziki wa wimbi jipya ndilo linalozika watu. Kjell wa gitaa la besi sasa ni daktari, anang'oa watu meno. Nilimpigia simu nikauliza kama umealikwa.

“Ronny? Aje na ngoma au na kiberiti, Mwalimu?” akacheka.

Nikakata simu.

Unakumbuka tulivyopata kile chumba cha mazoezi bure chini ya ukumbi: tulijiandikisha kama darasa la jioni, mimi kiongozi, na kila Jumanne nijaze orodha ya mahudhurio. Mlikuwa mkinitania, “Mjomba, andika na panya, naye kahudhuria!” Nikazoea kuijaza nyumbani kabla ya kutoka.

Jumanne ile chumba kilipoungua, Anneli na Kjell walipiga simu kwamba wana homa. Nikaandika jina lako na langu. Wewe hukuja, ulikuwa msituni na ski zako za kutelezea thelujini, peke yako. Nilikungoja, nikaanika glovu zangu za sufu juu ya hita, nikazisahau, nikafunga mlango, nikaenda zangu.

Viliungua vyombo vyote, na kanda pekee ya nyimbo zenu. Kamati ya ukumbi iliponiuliza nani alitoka mwisho, orodha niliyoijazia nyumbani ilikuwa mezani pao, ina majina yetu mawili tu. Nilikuwa mwalimu, nina kazi ya kupoteza. Nikasema nilikuacha ndani ukivuta sigara.

Miaka arobaini na miwili. Mji ulikugeuzia mgongo, na wewe, mpiga ngoma hodari kuliko wote, ukaishia Norwe kupasua samaki. Dada yangu, mama yako, alikufa akiamini ni wewe. Nilishika mkono wake, sikusema. Huko niendako atakuwa wa kwanza kuniuliza.

Jana nilimwambia Anneli yote. Akasema, “Mjomba Sigvard, nitayasema jukwaani, uwe hai usiwe hai.” Nikamjibu ayaseme.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba uje upige ngoma.

Nisalimie Solveig na binti yako Turid. Mungu akulinde baharini na nchi kavu, hata kama hataki tena kunisikia mimi.

Ndani ya bahasha kuna nakala ya ile orodha. Jina lako nimelikata kwa mkono wangu. Limebaki moja.

Mjomba wako akupendaye kwa hofu,
Sigvard