Mlango wa Kabini

Jumapili, Kindu. Joto tangu asubuhi, wingu zito, na mvua inatutishia tu bila kunyesha. Nimeoga mara mbili lakini bado nasikia harufu ya tope la mto Lualaba puani.

Sijala.

Jana nilizamia kwenye meli ambayo baba aliizamisha kwa mikono yake. Wakati wa vita yeye alikuwa fundi wa mashine yake. Waliposikia kwamba askari wako karibu na wanatafuta chombo cha kuvukia mto, mwenye meli alisema ni afadhali izame kuliko waipate. Baba akashuka chini kabla ya kupambazuka, akafungua vali, maji yakaanza kuingia. Kisha wote wakarukia mtumbwi na kukimbilia msituni.

Wote isipokuwa Feruzi, mpishi, rafiki wa baba wa kufa na kuzikana. Gizani kila mmoja alidhani yuko karibu na mwenzake. Hakuna aliyemwona tena. Wengine walisema alikimbilia Punia, na kweli watu wengi walipotelea njia hiyo. Ndiyo maana mpaka leo mtu akitoka Punia, hata awe muuza mafuta ya mawese tu, lazima baba amuulize habari za Feruzi. Lakini mimi namjua baba. Kinachomnyima usingizi ni kabini. Feruzi alipenda kulala humo, akijifungia kwa ndani kwa sababu ya mbu.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa vyuma vikuukuu ameinunua meli na anataka kuivuta ukingoni. Mimi nimezoea kuzamia mtoni kutafuta dhahabu, mpira wa hewa mdomoni, kwa hiyo akaniita nikafunge kamba za chuma. Safari hii alileta chupa ya hewa ya kubeba mgongoni. Kabla sijaingia majini, baba alinishika mkono.

"Ukifika kule chini, gusa mulango ya kabini. Iko wazi ao iko ya kufungwa? Unisemee kweli."

Chini haonekani hata samaki. Ufungue macho, uyafumbe, ni sawa. Nilienda kwa vidole: ukingo, ngazi, dirisha lililojaa mchanga. Nilisikia pumzi zangu zikipiga kelele, nikaanza kunyonya hewa haraka haraka kama mtu wa siku ya kwanza. Nikafika mlangoni.

Umefungwa.

Nilisukuma kwa bega, haukutikisika. Labda ni kutu. Labda ni mchanga uliojaa nyuma yake. Labda mkondo uliufunga siku ile ile. Nilijiambia hayo yote mkono ukiwa bado kwenye chuma, na sikusukuma tena. Niliogopa usije ukafunguka.

Nilipoibuka, baba alikuwa amesimama majini mpaka magotini, na viatu vyake miguuni.

"Mulango?"

"Iko wazi, baba."

"Wazi kabisa?"

"Kabisa."

Akakaa pale pale kwenye maji. "Alhamdulillahi. Ule muntu alitoka. Feruzi alitoka!" Alilia, akacheka, akanishika kichwa kama mtoto. Nyumbani alimaliza sahani nzima ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaomba nyingine. Leo ameamka kumekucha kitambo. Sijawahi kumwona baba akilala hivyo.

Na kesho meli inavutwa juu. Ameshaomba shati lake jeupe lipigwe pasi, maana anataka kusimama mbele kabisa.

Nimejipa visingizio vya kila namna. Kamba itakatika. Kabini itavunjika njiani. Tope litaficha kila kitu. Upuuzi mtupu. Kesho atauona mlango ule kwa macho yake, mbele ya watu, na atajua kwamba mimi nilijua.

Nilitaka kuandika hapa kwamba nitamwambia jioni, tukishakula. Lakini sasa hivi amepita mbele yangu, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nikamuuliza anaenda wapi.

"Kwa Mama Zaina. Ule dada ya Feruzi ajue leo leo. Amelia vya kutosha."

Akatoka.

Kwa Mama Zaina ni nyuma ya stesheni ya treni. Goti la baba linamsumbua, hatembei haraka. Nikikimbia nitamkuta kabla hajapiga hodi.

Naenda.