Betri Zilizoanikwa Pamoja na Kahawa

Kemilembe mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Hapa Nyakasimbi tu wazima. Babu yako mguu umepata nafuu, na migomba imebeba vizuri.

Unauliza kama naamini kwamba mkaa wa maganda ya kahawa, mkiusaga huko chuoni hadi uwe chembe zisizoonekana kwa macho, unaweza kutunza umeme. Naamini.

Mwaka wa vita babu yako alikuwa mstari wa mbele, nami nina mimba ya mama yako. Tulikuwa na redio, lakini betri zilikwisha, na madukani Omurushaka hazikupatikana. Siku moja fununu zikaenea kwamba mchana litatangazwa jambo kubwa. Mama mkwe wangu akazitoa zile betri, akazianika juani kwenye mkeka wa kuanikia kahawa.

Nikacheka. "Mama, jua litaingiaje kwenye bati?"

"Ndani mna kijiti cha mkaa na unga mweusi," akasema. "Nguvu haijaisha yote. Zipashe moto uone."

Mchana majirani walijaa uani. Redio ikaongea kwa sauti ya mbu, tukaisogezea masikio. Tulisikia kwamba vita vimekwisha, kisha ikanyamaza. Mama mkwe akakaa chini palepale juu ya kahawa, akaniwekea mikono tumboni, akalia. Babu yako alirudi mtoto ameshaanza kukaa.

Basi usichoke kusaga mkaa wako, mama. Nguvu kidogo tu iliyotunzwa ilinitosha kujua kwamba mume wangu atarudi.

Nakukumbatia,
Bibi yako