Firigisi ya Baba, Sapporo

Shikamoo Baba,

Nje theluji imefika dirishani, na vidole vyangu bado vinanuka kitunguu saumu. Nilinusurika aibu. Nilikuwa nimemwalika Krismasi mzee mwenye nyumba, aliyefiwa na mkewe, nikamwahidi bata mzinga. Huku sikukuu hii wanakula kuku wa kukaanga wa dukani, kwa hiyo nilizunguka sana mpaka nikampata bata mmoja, amegandishwa kama jiwe. Nilipomfikisha nyumbani na barafu ikayeyuka, oveni yangu ndogo ikamkataa. Hata nilipomkunja miguu hakuenea.

Nikaona bora nimkatekate kama Mama anavyofanya, nimpike kwenye sufuria. Bado roho haikutulia, maana ndege wa dukani huwa hana kitu tumboni, na mimi uliyenilea wewe ningemkaribishaje mzee mezani bila firigisi? Nilipompasua nikakuta kifuko cha karatasi ndani, na firigisi imo. Nilicheka peke yangu jikoni. Ningemchoma mzima, kifuko kingeungua humo humo bila mimi kujua.

Mzee alipoiona juu ya wali, akainama kidogo, akaitafuna taratibu. Kisha akasema, "Mke wangu alikuwa ananiwekea hii." Akaomba wali tena.

Mvua ya Ihumwa iwatoshe, na mahindi yashike. Mwambie Mama akuchinjie jogoo, Baba. Firigisi yako ya mwaka huu nimempa mzee mwenzako, na najua hutanuna.

Binti yako,
Neema