Leo Sikuinuka Kwenye Kiti cha Daktari

Alby, huku Uswidi, Jumanne

Sikuondoka. Daktari aliponiambia tena kwamba ni uchovu wa kazi tu, nilibaki nimekaa palepale.

Dawa za Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe, nilizimaliza zote, na bado magoti yanawaka moto na homa inarudi kila jioni. Kupe aliyeniuma msituni kiangazi kilichopita huenda aliniachia na ugonjwa mwingine. Hilo tu ndilo nililotaka wapime.

Binti yangu Ineza ndiye aliyekuwa mkalimani. Nilimwambia, "Mwambie nimesafisha ofisi za watu miaka kumi na mmoja. Uchovu wa kazi naujua, na huu sio." Akatafsiri maneno machache, kwa sauti ya kuomba radhi. Anadhani sisikii Kiswidi.

"Usinipunguzie maneno, mwanangu."

"Mama, tafadhali," akanijibu kwa Kiswidi, uso chini.

Basi nikasema mwenyewe, kwa Kiswidi changu kibovu: "Mwili ni wangu. Pima damu. Mimi nasubiri hapa."

Kwa mara ya kwanza daktari alinitazama mimi, si Ineza. Kisha akaandika vipimo.

Majibu yanaweza kutoka safi. Hilo naliogopa kuliko ugonjwa wenyewe, maana sijui nitashika wapi. Lakini nitarudi, hata wakinichoka.

Kwenye treni ya kurudi nyumbani, tulifika kituo cha Skärholmen. Hapo Ineza akaniuliza, kwa Kiswahili, "Mama, kumbe inauma hivyo?"

Nikamwambia inauma.

Akatoa simu, akaandika siku ya majibu, akasema siku hiyo haendi chuo.