Kopo Ndani ya Mashua

Mjukuu wangu Festo,

Marahaba. Bibi yako bado anakohoa, na mimi nagombana na hawa wanunuzi binafsi wa kahawa wanaopita Matiri na mizani yao.

Unauliza ununue mashua ipi hapo Mbamba Bay, ile mpya au ile kuukuu. Kaka yangu Kosmas alikabiliwa na uchaguzi huo huo tukiwa vijana. Nilimwonyesha kopo la kutolea maji ndani ya ile kuukuu, limechakaa kwa safari.

"Ninunue inayovuja, mdogo wangu?" alinicheka.

Akachukua iliyong'aa kwa rangi, ambayo ilikuwa haijawahi kupakia mzigo, wala haikuwa na kopo. Hatukumzika, ziwa halikumrudisha.

Kila mashua ya mbao huvuja, Festo. Siku hizi kila mfanyabiashara, hata hawa wa kahawa, anapaka rangi na kujiita mkombozi. Chungulia ndani. Usipoona kopo, panda basi urudi, hata mikono mitupu.

Babu yako