Shikamoo ya Mabawa

Kiwanja cha Ndege,
Masumbwe.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama na lile goti limepunguza ukorofi. Mjomba Masele alipopita hapa juzi na lori lake la mchele aliniambia umeanza kula ugali kidogo, nikamshukuru Mungu. Mimi afya ninayo; usingizi ndio umenihama. Najua atakayekusomea ni Paskalia. Mdogo wangu, soma yote, usiruke mstari.

Huku ni vumbi tu. Kibanda changu cha redio ya kuongea na marubani kipo kama ulivyokiona, na mbuzi wa mzee Magesa bado wanalala katikati ya kiwanja, hawaheshimu ndege wala mtu. Mgodi umeleta ndege ndogo nyingine na rubani mpya, kijana mpole asiyejua utani. Kila ikitua natazama mlango kama mjinga, nikimsubiri Doto ashuke akiniita mzee kwa sababu nilimtangulia duniani dakika kumi.

Mama, nimesikia umeigawa ile khanga nyekundu uliyokuwa ukiitandaza kwenye jiwe la kuanikia michembe ya viazi ili Doto akuone kutoka juu. Mjomba anasema tangu arobaini unawaambia watu kwamba wewe ndiye uliyemwita mwanao kwenye kifo. Anasema huaniki tena michembe, na ukisikia mlio wa ndege unakimbilia ndani. Hilo limenichoma kuliko mazishi yenyewe.

Ni kweli kila Ijumaa alipotoka Kahama alikuwa anaiacha njia yake ili aje kukuamkia. Alishuka chini bila kutua, akayumbisha mabawa mara mbili, nawe ukaitikia marahaba kwa sauti ambayo Paskalia anaapa ilisikika hadi stendi ya Tinde. Hapa kazini alitusimulia hiyo marahaba mpaka tukachoka.

Angani kwetu rubani hutaja redioni alipo na kimo chake, ili wenzake wamkwepe. Tena ndege hubeba kifaa kinachoitangaza kwa nyingine. Zikikaribiana, ile kubwa humpigia rubani wake kelele mapema. Wakaguzi wa ajali walikuta cha Doto kimezimwa. Ndiyo maana watu wanasema alikuwa mtu wa sifa, nusura aue abiria sabini wa ndege kubwa kwa mchezo. Hata msibani walinong'ona hivyo. Nilikuwa palepale nikigawa maji ya kunawa, nikaendelea kumimina.

Sasa Mama, kaa chini. Mimi ndiye niliyemwambia akizime.

Mwezi wa sita bosi wetu aliona kwenye kompyuta, kupitia kifaa hichohicho, jinsi Doto alivyokuwa akiiacha njia, akamwonya kwamba akirudia hana kazi. Doto alitaka kuacha kuja kwako. Nikamwambia akizime dakika chache tu akifika nyumbani, kwa kuwa saa zile ndege kubwa haziji, na asipokwenda Mama atabaki na khanga yake juani bure. Alikataa. Nikamcheka, nikamwita mwoga, mpaka akakubali.

Ijumaa ile ndege kubwa iliwahi. Moshi wa mashamba yaliyochomwa ulikuwa umetanda, na ilikuwa inashuka kwenda Shinyanga. Mwenzangu wa huko akanipigia simu kuuliza kama kuna ndege ndogo upande wa Tinde, maana Doto aliongea na redio yangu tu. Nilijua yuko pale. Lakini bosi alikuwa amesimama mlangoni akinisikiliza, nikajibu hakuna. Nikajiambia nitamwonya Doto bosi akitoka. Bosi akaomba kalamu, akaandika kitu, akauliza habari za mbuzi wa Magesa, akatoka. Zilikuwa kama dakika mbili.

Nilipomwita, Doto alisema tayari anaiona, iko mbele yake, kubwa. Hakusema lingine. Alikuwa ameshakuamkia, Mama, na wewe ulikuwa umeshaitikia. Alikuwa anapanda kurudi kwenye njia yake. Akapinda ghafla kuikwepa, ndege yake ikaishiwa nguvu, ikaanguka kwenye yale majaruba makavu ya mpunga. Wale sabini walitua salama, na wengi hawakujua chochote. Mwanao hakutaka kuua mtu. Aliwakwepa, akafa yeye.

Kwa hiyo si khanga yako. Usiseme tena hivyo, nakupigia magoti.

Utotoni ulikuwa ukishindwa kututofautisha, na mara ngapi Doto alikula viboko vyangu bila kunitaja. Hata sasa amelala kaburini akiwa na kosa langu, na watu wanalitaja kwa jina lake. Safari hii sitamwachia. Kesho asubuhi nakwenda kwa wakaguzi kuwaeleza kama nilivyokueleza wewe. Sijui watanifanya nini, na sina haki ya kulalamika. Nimetaka usikie kwangu kabla ya taarifa ya habari redioni.

Nisalimie Mjomba Masele na majirani wote waliomchimbia Doto kaburi. Paskalia, mnunulie Mama khanga nyekundu nyingine, na umsaidie kuanika michembe kabla mvua hazijaanza.

Mama, kila Ijumaa ulimwitikia Doto kwa sauti akiwa mbali huko juu. Mimi niko chini hapa, nami nakuamkia tena: shikamoo. Sijui kama utaniitikia.

Ni mimi mwanao,
Kulwa