Bega la Kushoto la Bi Haloo

4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila vidole vyangu vimejaa makaa ya kuchorea mpaka mkwe wako anasema ameoa fundi magari. Mgongo unasemaje? Na ile miwani, unaivaa wewe au bado inavaliwa na droo?

Maktaba wamenipa ukuta mzima: picha kumi na mbili za watu waliotenda makubwa wakasahaulika, na chini ya kila mmoja maisha yake kwa ufupi. Nimemaliza kumi na moja, akiwemo mkunga aliyezalisha watu akienda kwa miguu mpaka akafika miaka themanini. Amebaki Bi Haloo wetu, opereta wa simu wa posta aliyewaokoa watu wa mtaa wa chini siku ya mafuriko. Nimekua nikisikia sifa zake kwako, lakini sura yake siijui. Nimepata picha moja ya wafanyakazi wa posta, nikamchora mama anayetabasamu katikati. Mchoro huo hapo. Wewe ndiye uliyewashonea sare, niambie kama nimempatia. Ufunguzi ni tarehe 30 Aprili.

Binti yako

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unazeeka pamoja na mwenyewe. Miwani nimeivaa leo kwa heshima yako, na afadhali nimeivaa, maana umemchora mke wa bwana posta!

Huyo hakuwahi kupokea simu ya mtu. Alikuja siku ya picha kwa sababu alikuwa na gauni jipya. Itazame kola, imekaa kama imeshonwa na mtu mwenye usingizi. Ile si kazi yangu. Bi Haloo ni yule wa pembeni kabisa, aliyetupa mgongo. Mpiga picha alipokuwa akisema tulieni, mtambo wa simu ukalia, naye akageuka kwenda kupokea. Mama yule hakuwa na mfano.

Uso siwezi kukuchorea, ila daftari langu la vipimo lipo. Andika. Shingo inchi kumi na tatu. Bega la kushoto liko juu ya la kulia kwa nusu inchi, kwa miaka ya kubana simu sikioni huku anaandika. Nilitaka kutia pamba kulia ili yalingane. Akacheka: "Fundi, usinifichie kazi yangu."

Nakuonea fahari. Wasalimie wote.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Nimemchora upya vile vile alivyo, amegeuka, na bega nimelipima kwa rula. Kisha nikaenda kutafuta habari zake niandike maisha yake. Nimekuta ripoti ya mafuriko. Inasema bwana posta ndiye aliyetoa tahadhari. Inasema opereta aliachishwa kazi kwa kutumia laini bila idhini. Chini kuna sahihi saba za wakazi wanaothibitisha, na ya nne ni yako. Mkia wa ile herufi ya mwisho nauona kwenye kila barua yako.

Ulijua unachotia sahihi? Maktaba wanasema bila shahidi aliye hai, niandike kama ripoti au nimtoe ukutani. Mwisho ni tarehe 22 Aprili.

Binti yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Simu yako inaita tu. Kimya kingi kina mshindo, na mimi naogopa. Ile barua niliiandika kwa hasira. Hii si ya hasira. Karatasi ya Bi Haloo bado tupu.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nilikuwa naona aibu.

Bwana posta alifunga ofisi akawaamuru wote wapande mlimani. Walipanda, isipokuwa Bi Haloo. Mtaa wa chini ulikuwa na simu ishirini na sita. Alizipiga zote, na kila aliyepokea alimpa nyumba tatu za kwenda kugonga. Mimi sikuwa na simu. Akampigia muuza vitambaa jirani yangu: "Mtoe fundi. Cherehani yake ina kelele, hatasikia kitu. Mwambie suti ya bosi haijui kuogelea." Na kweli, ndiyo niliyokuwa nashona! Nikaitupa, nikamkokota mama yako na mimba yako. Bi Haloo alitoka maji yakiwa magotini, mtambo ulipozima.

Baada ya wiki mbili ikaja ile karatasi. Kazi yangu ya sare za posta ilikuwa mkononi mwa bwana posta. Niliisoma nikaielewa, nikatia sahihi. Bi Haloo alipofukuzwa alipita kuniaga. Hakuniuliza neno la karatasi. Aliuliza tu kama mtoto amezaliwa salama.

Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nimezaa, na nimeficha miaka arobaini na moja. Shahidi wako ndiye mimi. Muandike yeye kama alivyokuwa, na mimi uniandike: fundi alijua, akanyamaza. Usinitilie pamba.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Ahsante. Nimeandika yote, na maktaba wameipokea. Siku ya ufunguzi nilikuwekea kiti mbele, kikakaa kitupu mpaka mwisho. Sikulaumu. Picha zitabaki ukutani mwezi mzima.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na miwani ipo usoni.

Jumanne nilikuja bila kukuambia. Nilikuwa na tepu mfukoni, sikuitoa. Bega umelipatia, hata kwa mbali nilimjua. Nililia kidogo, usimwambie mkwe wangu. Pembeni yangu mama mmoja na kikapu chake alikuwa akisoma maelezo ya chini kwa sauti. Alipofika pale kwa fundi, akasonya.

"Fundi gani huyo?"

Nikavua kofia.

"Ni mimi," nikamwambia.

Baba yako